Kuondoa kipande cha katikati katika video iliyokwisha kupakiwa YouTube

Mwalimu wa Hesabu:
Habari zenu, ndugu. Nimepakia YouTube somo la trigonometria lenye urefu wa saa 1 na dakika 12. Kuanzia dakika ya 31 hadi ya 34 nilipokea simu ya mzazi huku kamera ikiendelea kurekodi, na nilipokuwa nikirudia namba yake ya simu ili niiandike, inasikika wazi. Kiungo cha somo kimekwisha kuchapwa kwenye karatasi za mazoezi, kwa hiyo sitaki kibadilike. Kompyuta yangu haina nafasi ya kuweka programu kubwa. Je, naweza kukata kipande hicho ndani ya kivinjari?

Mhariri wa Picha:
Pole, mwalimu. Inawezekana, lakini kabla ya kukata chochote ifanye video iwe ya faragha sasa hivi, kwa sababu YouTube huendelea kuonyesha toleo la zamani mpaka itakapomaliza kuchakata toleo jipya, na kwa video ndefu kazi hiyo huweza kuchukua saa nyingi. Kiungo hakitabadilika.

Kisha ingia YouTube Studio kwa kompyuta, fungua video yako, nenda kwenye kihariri na uchague sehemu ya kupunguza na kukata. Ukianzisha mkato mpya utaona kisanduku chekundu. Kila kilichomo ndani yake ndicho kitakachoondolewa. Usihangaike kuvuta kingo zake kwa kipanya: andika muda wa kuanzia na wa kuishia kwenye visanduku vyake, thibitisha kwa alama ya vema, sikiliza matokeo mara mbili, ndipo uhifadhi. Idadi ya watazamaji na maoni hubaki. Video yenye zaidi ya saa 6 haihifadhiki kwa njia hii, na ile iliyotazamwa zaidi ya mara 100,000 huweza kukataliwa, ila yako haijafika huko.

Msomaji wa Mwanza:
Naongeza jambo moja kwa masomo yajayo. Ni heri kukata kabla ya kupakia. Clipchamp, programu ya kuhariri video ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2021, hufunguka ndani ya kivinjari cha Chrome au Edge, hivyo huhitaji kuweka programu kubwa kwenye kompyuta yako. Weka mshale mwanzoni mwa kosa, gawanya, gawanya tena mwishoni mwake, futa kipande cha kati, kisha ziba pengo linalobaki, la sivyo litaonekana kama giza katikati ya somo.

Mwalimu wa Hesabu:
Nashukuruni sana. Nimekata kuanzia 31:10 hadi 34:25, na toleo jipya limekuwa tayari asubuhi ya leo. Ila vipindi nilivyoorodhesha kwenye maelezo ya video vimebaki na muda wa zamani.

Mhariri wa Picha:
Hayo ni maandishi yako, kwa hiyo YouTube haiyagusi. Kila muda unaokuja baada ya mkato upunguze kwa dakika 3 na sekunde 15, kisha ndipo uirudishe video hadharani.