Filamu fupi ya kutisha: zimwi lionekane lini?

Swali (Kisumu): Wadau, tunaandaa filamu ya dakika 10: mjane na mwanawe, nyumba moja ya kupanga huku Kondele. Zimwi ndilo huzuni yenyewe. Litokee dakika ya ngapi?

Jibu: Si kabla ya ya 7. Kwanza onyesheni anachokwepa mjane: shati la marehemu bado liko msumarini, jina lake halitajwi. Kila akikwepa, zimwi lisogee. Likitokea ovyo mtazamaji atashtuka tu, hataogopa.

Jibu: Muziki zimeni. Acheni mlio wa friji, kisha ukatike ghafla. Kelele ya kushtua iwe moja. Ya pili watu hucheka.

Jibu: Na msiliue, jamani! Katika filamu ya The Babadook (2014) zimwi linabaki chini ya nyumba, mama analilisha minyoo.