Nimetozwa dola 50 kwa kuwahi miadi: Phenix City inafuata saa ya nani?

Ndugu wanajamvi, zahanati moja ya hapa Phenix City, Alabama, imenitoza dola 50 kwa kosa la kuwahi. Miadi yangu ilikuwa saa nne kamili asubuhi. Niliingia simu ikionyesha saa nne kasoro dakika tano, nikaambiwa mapokezi kwamba ni saa tano kasoro dakika tano, kwamba nafasi yangu amekwisha kupewa mwingine, na kwamba ada ya kutofika imekwisha kuandikwa.

Nilihamia hapa kutoka Birmingham, ndani ya jimbo lilelile, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kudhani kwamba saa imebadilika. Kisheria haijabadilika, kwa kuwa Alabama yote imo katika saa za Kati. Lakini kati yetu na Columbus, Georgia, upo Mto Chattahoochee tu, na kwa kuwa wengi wa huku hufanya kazi na kununua mahitaji yao ng'ambo, mji mzima huishi kwa saa za Mashariki, zilizo mbele kwa saa moja, kama wafanyavyo pia majirani zetu wa Smiths Station, Lanett na Valley. Sina ugomvi na mazoea hayo. Anayeingia kazini Columbus au katika kambi ya Fort Benning hawezi kurudisha saa nyuma kila avukapo daraja.

Ugomvi wangu ni karatasi ya miadi iliyoandikwa saa nne, basi, bila kutaja saa nne ya wapi. Hata simu haisaidii: kwangu, karibu na mto, mara hunasa mnara wa Georgia, mara wa Alabama, na saa hubadilika nikiwa nimeketi. Sisi tulioleleka tukiita saba ya Wazungu saa moja hatushindwi kubeba saa mbili kichwani, ila sharti tuambiwe inayotumika ni ipi.

Wanaotaka saa ya Georgia wangeweza kuishinikiza kaunti iiombe rasmi Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, yenye mamlaka ya kusogeza mipaka ya kanda za saa. Badala yake, nilipolalamika nilijibiwa kwamba kila mtu hapa anajua.

Nimewaandikia tena nikidai ada ifutwe, na nimetaka jibu kabla ya saa sita mchana Ijumaa, saa za Mashariki. Nimeitaja.