UNGEULIZA?! Sasa nilimlipa ya nini?

Binti Mchikichini:
Wakuu, naandika nikiwa nimekaa chini nje ya kumbi za maonyesho Pazhou, Guangzhou, viatu nimevua, na anayenishangaa ashangae tu.

Huyu jamaa simtaji. Mnamjua. Yule wa miwani nyeusi hata usiku wa manane, anayepiga picha ameegemea makontena ya watu halafu anaandika "kazi inaendelea". Huyo huyo. Anauza mwongozo wa safari ya Guangzhou, na mimi niliununua, pesa nikatuma pamoja na ya kutolea.

Mwongozo ukasema: maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya hapa Guangzhou, yanaanza 15 Aprili, wahi siku ya kwanza, bidhaa zote zipo. Mimi nauza nguo za watoto. Nimeamka alfajiri, foleni ya kitambulisho nimepanga, begi limekaguliwa, naingia ndani nakutana na jenereta. Nikasema labda mlango huu ndio wa majenereta. Ukumbi unaofuata, mitambo. Mbele yake, mafriji na taa. Nimetembea mpaka magoti yakaanza kuongea Kichina. Binti mmoja wa bandani akanionea huruma, akanipa kipeperushi cha pampu ya maji.

Kumbe maonyesho yanakwenda kwa awamu tatu, na nguo ni ya tatu. Kuanzia 1 MEI! Tiketi yangu ya kurudi ni 22 Aprili, na awamu ya pili, ya vyombo na mapambo ya nyumbani, inafunguliwa 23. Yaani hata sufuria sitaiona.

Nikaandika kundini kwa adabu zote, "Kaka habari za kazi, mbona nguo sizioni?" Akajibu neno moja. UNGEULIZA. Na vikatuni vitatu vya kucheka.

Ungeuliza! Mbele ya watu! Mle ndani kuna watu nawadai hela za vikoba, leo nao wamepata pa kunichekea. Halafu WhatsApp kwa waifai ya hoteli huku haifunguki, Google haifunguki, na hilo kwenye mwongozo hakuliandika. Natumia laini ya nyumbani, bando linayeyuka, ili nisome UNGEULIZA.

Mengine nilishamsamehe. Aliandika "beba yuan taslimu, Mchina anapenda noti". Noti ninazo, mama wa tambi ananionyesha karatasi ya kuskani ukutani, ulipe kwa simu, chenji hana. Aliandika metro inakutoa uwanja wa ndege saa yoyote. Nimetua saa saba usiku, metro imelala, nikalipa teksi karibu kilomita 30 mpaka Xiaobei, mtaa nilikofikia. Nikanyamaza. Lakini ungeuliza? Ningeuliza nini? "Samahani kaka, pale ulipoandika zote, ulimaanisha zote?"

Kobe wa Mwendokasi:
Uzi bila picha ya jenereta haujakamilika.

Mzee wa Makontena:
Mleta mada, awamu ziko wazi kwenye tovuti ya maonyesho, bure. Aprili ni hivyo, Oktoba ni hivyo: mitambo na umeme kwanza, vya nyumbani katikati, nguo mwisho. Ungeuliza 😂😂😂

Binti Mchikichini:
Mzee usinianze. Nilimlipa ili nisifungue tovuti.

Kobe wa Mwendokasi:
Kwa hiyo ulilipa pesa ya kutouliza, na hukuuliza. Huduma si umeipata?

Binti Mchikichini:
Kobe, wewe nitakuja kukutafuta.

Chapati Tatu:
Nguo za watoto ndiyo za kufungulia uzi? Huyo bwana mimi aliniambia treni ya Shenzhen "unapandia stesheni ya Guangzhou". Ipi sasa? Kuna Guangzhou yenyewe, kuna ya Mashariki, kuna ya Kusini, kuna Baiyun. Nimesimama pale mjini natafuta treni yangu kwenye ubao, kumbe tiketi ni ya Kusini, huko Panyu. Nikaingia metro laini ya 2, jasho linatiririka kama nimetoka kulima. Nafika, geti wamefunga, treni naiona kwa macho. Niliyaona mabehewa yote.

Mgeni Njoo:
Treni utapanda nyingine. Mimi wamenichukulia pawabenki kwenye ndege ya ndani ya nchi. Tangu Juni 2025 isiyo na alama ya 3C, ile ya usalama ya China, haipandi ndege za ndani China. Haikuwa yangu, ilikuwa ya mke wangu. Mpaka leo chakula kinawekwa mezani bila maneno.

Shangazi Mtaa wa Kongo:
Mwanangu Binti, vaa viatu. Kesho asubuhi panda metro laini ya 5 hapo hapo Xiaobei, treni hubadilishi, shuka Zhongshanba. Nguo za watoto za jumla ziko hapo mwaka mzima, hazingoji maonyesho. Na usiku wa leo unganisha kadi yako na Alipay, ile programu ya kulipia kwa simu, Visa na Mastercard inapokea. Anwani ya hoteli mwombe wa mapokezi akuandikie kwa Kichina, dereva wa teksi jina la Kizungu halimsaidii. Chooni nenda na karatasi zako.

Binti Mchikichini:
Shangazi, Mungu akuzidishie. Unaona sasa? Mistari minne tu! Yeye kaweka kurasa na kurasa za picha zake, halafu UNGEULIZA.

Mzee wa Makontena:
Hivi huyu ni wa miwani au wa kofia? Maana wa kofia alinipimia mzigo wa soksi akaniandikia CBM mbili, yaani mita za ujazo mbili. Soksi!

Kobe wa Mwendokasi:
Mzee, huenda zilikuwa na miguu ndani.

Chapati Tatu:
Wewe angalau umepimiwa. Mimi wa kofia aliniambia mzigo umeshapanda meli. Hiyo meli nadhani imefika Colombo ikaoa.

Mzee wa Makontena:
Ya kwako ilipita Colombo? Mimi aliniambia Singapore.

Chapati Tatu:
Mwezi uliopita ilikuwa Singapore.

Shangazi Mtaa wa Kongo:
Kwani kwa ndege kilo wanawatoza ngapi siku hizi?

Mgeni Njoo:
Inategemea kama ndani kuna betri. Za betri mimi sitaki hata kuzisikia.

Bwana Harusi Mtarajiwa:
Wakuu samahani, natoka nje ya mada kidogo. Nataka kuagiza sofa Foshan, pale Lecong kwenye masoko ya samani. Kuna mtu amewahi kuleta?

Mzee wa Makontena:
Ya ngozi au ya kitambaa?