Tupeane uzoefu: uliupataje uafisa wa polisi kwa mtihani wa ushindani?

Wakuu, salaam. Humu kuna vijana wengi wanaosomea mtihani wa utumishi wa umma wakilenga kuingia polisi moja kwa moja wakiwa maofisa. Mliokwisha kuufanya, mliopita na mlioanguka, karibuni. Naanza na yangu.

Mimi niliangushwa mara mbili na muda. Majibu niliyajua, mkono ndio haukufika. Mara ya pili niliacha maswali manne meupe kabisa. Ndipo nikatafuta karatasi za zamani za India, ambako mtihani wa UPSC, tume yao ya utumishi wa umma, ndio mlango wa maofisa wa IPS, yaani maofisa wa polisi wa huko. Zile za maarifa ya jumla, hatua ya pili, zina maswali 20 kwa saa 3. Piga hesabu: dakika 9 kwa swali, kusoma, kufikiri na kuandika humo humo. Nikaweka saa mezani, kila alfajiri maswali matano kwa dakika 45, kwa kalamu, si kwa kompyuta. Wiki ya kwanza kidole cha kati kilivimba pale kalamu inapokaa. Mwezi wa tatu nikawa namaliza na kupata nafasi ya kupitia. Mara ya tatu nikapita.

Mchangiaji wa 2: Mkuu, mimi hata huko kwenye insha sikufika, nilikwama kwenye mchujo wa mwanzo, ule wa kuchagua jibu. Kwetu jibu likikosewa linakatwa theluthi ya alama za swali, kama India. Nilisiliba kila duara nikiamini kuacha wazi ni uzembe, na alama za nilichokijua zikaliwa na za kubahatisha. Mwaka uliofuata nilijiwekea sharti: nikiweza kuondoa majibu mawili kati ya manne, nasiliba, nisipoweza kuondoa hata moja, naruka. Nikavuka.

Mchangiaji wa 3: Mimi ni dada, nina la jopo la usaili. Waliniuliza: mkubwa wako akikuamuru umwachie mtuhumiwa ambaye ni ndugu yake, utafanyaje? Nikatoa jibu la kishujaa nililolikariri. Mzee mmoja akanikata: "Yuko kwenye simu, anasubiri. Unamwambia nini?" Nilinyamaza, koo limekauka. Kisha nikasema ningemwomba amri hiyo kwa maandishi, na ningeandika kitabuni saa niliyoipokea. Akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu. Naamini pale ndipo nilipoipata kazi, maana mengine niliyajibu kawaida tu.

Mchangiaji wa 4: Nimefanya mara nne, sikupata, na umri umeshanipita. Inauma bado. Siku hizi nawasahihishia wadogo zangu insha. Mtoa mada, zile za alfajiri nani alikuwa anakusahihishia?

Mtoa mada: Pole sana ndugu yangu, na asante kwa kuwashika mkono hao wadogo. Tulikuwa tunabadilishana karatasi na mwenzangu. Alikuwa mkali: kila sentensi niliyoanza na "ni muhimu sana" aliipiga mstari mwekundu na kuandika pembeni, "kwa nani?" Wape na hao wako swali hilo.