Trainz, Open Rails au Train Simulator Classic: ipi inafaa kujenga upya reli ya Jinja–Namasagali?

Mtoto_wa_Kamuli – Jumatano, 8:14 usiku
Habari zenu wanajukwaa. Nataka kuijenga upya reli ya Busoga huku Uganda, ile ya Jinja hadi Namasagali, ndani ya simuleta ya treni. Nina pesa ya programu moja tu, na punguzo la bei linaisha Jumapili. Nimebaki na Trainz na Train Simulator Classic, au niache kulipa kabisa nichukue Open Rails ambayo ni ya bure. Waliowahi kujenga njia, si kuendesha tu, mnanishauri nini? Reli yenyewe ni ya geji ya mita (upana wa mita moja kati ya reli mbili), kwa hiyo sitaki programu itakayonilazimisha kutandika reli pana za Ulaya kwenye ardhi ya Busoga.

Fundi_Tororo – 8:31 usiku
Ndugu, umeuliza nusu. Kompyuta yako ina RAM kiasi gani na kadi gani ya picha? Na unajenga mwaka upi? Namasagali ya 1912 si Namasagali ya 1935. Usipotaja hayo, kila mtu hapa atakusifia kile anachokitumia yeye.

Reli_ya_Magharibi – 8:40 usiku
Trainz, bila kufikiria mara mbili. Unachora njia, unaweka miti, unaendesha hapo hapo. Ila kwa nini Namasagali? Jenga Kampala–Kasese ya 1956. Kilomita zaidi ya 300, vinamasi vya mafunjo, shaba ya Kilembe inashuka kwenda kuyeyushwa Jinja, na mbele kuna Garratt za daraja la 60, zile injini kubwa za mvuke. Hakuna reli nzuri kuliko ile katika Uganda nzima.

Dada_Walukuba – 9:05 usiku
Reli_ya_Magharibi, tunajua mapenzi yako kwa Kasese, lakini mwenzetu ameuliza Namasagali.

Fundi amegusa jambo kubwa, acha nilieleze. Reli ya Busoga ilipofunguliwa mwaka 1912 ilikuwa peke yake, haijaungana na reli yoyote. Injini na mabehewa yalivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu hadi gati la Jinja. Kazi yake ilikuwa kuyaruka maporomoko ya Nile: mzigo unatoka Namasagali, unapanda meli ya mvuke hadi Masindi Port kupitia Ziwa Kyoga. Mwaka 1928 reli kutoka Tororo ikaja kuunga Mbulamuti, na ghafla kipande cha Mbulamuti–Jinja kikawa njia kuu. Mwaka 1931 daraja la Nile likakamilika na treni zikafika Kampala.

Kwa hiyo ukichagua kabla ya 1928, Mbulamuti ni stesheni ndogo tu ya njiani. Ukichagua baadaye, ni makutano, unahitaji swichi, njia za kupishania, na treni za masafa marefu zinazopita. Ukubwa wa kazi unatofautiana sana.

Mtoto_wa_Kamuli – 9:22 usiku
Asante dada, hilo la meli nilikuwa nalitafuta. Kompyuta ni laptop ya kawaida, RAM GB 8, picha ni za Intel za ndani. Kuhusu mwaka, nataka ile enzi ya pamba.

Fundi_Tororo – 9:26 usiku
Pamba ilisafiri kwenye reli ile tangu mwanzo hadi mwisho. Enzi ya pamba si mwaka.

Ila kwa laptop hiyo jibu langu ni Open Rails. Trainz za karibuni zinataka kadi ya picha ya kweli, na Train Simulator Classic itakukatikakatika ukishaweka miti ya Busoga, maana kule ni kijani mwanzo mwisho. Open Rails inaendeshwa vizuri kwenye mashine ndogo. Halafu kuna sababu ya pili, na kwangu ndiyo nzito zaidi: fizikia ya mvuke. Open Rails inahesabu moto, maji na shinikizo la boila kwa undani. Injini iliyopanda kilima ikiwa na maji machache inakuonyesha. Na geji inaandikwa kwa milimita. Weka 1000, kona zitahesabiwa kwa upana sahihi. Njia unaijenga kwa TSRE, programu ya kuhariri njia, nayo ni bure.

Reli_ya_Magharibi – 9:48 usiku
TSRE inakatisha watu tamaa. Vitufe vingi, maelezo machache. Kwenye Trainz upana wa reli ni suala la modeli tu: unachukua reli nyembamba na magurudumu membamba, mchezo umeisha. Mgeni anaona matokeo siku ya kwanza, na asiyeona matokeo anaacha.

Karakana_Nsambya – 10:17 usiku
Vijana, nawasoma tangu jioni. Nimekulia kwenye nyumba za reli Nsambya na haya mambo nayapenda sana, kwa hiyo nisikilizeni kwa hili moja.

Nilijenga Kampala hadi Port Bell kwenye programu moja ya kulipia, sitaitaja. Ni njia fupi, lakini niliifanya kwa uchungu wa moyo: kila kona, kila kalavati, ghala za bandarini, mpaka miembe iliyo karibu na njia. Reli zenyewe za geji ya mita nilizipakua kwa mtu wa ng'ambo aliyezitengeneza vizuri sana, na mataruma ya chuma, kama yetu. Ikaja siku programu ikatoa toleo jipya. Baada ya kusasisha, nikafungua ramani yangu: vilima vipo, ziwa lipo, nyumba zipo, reli hakuna. Si kwamba zimeharibika, hazipo kabisa. Behewa zimesimama kwenye nyasi. Yule bwana alikuwa ameondoa kazi zake zote, na toleo jipya halikukubali faili za zamani zilizobaki kwangu. Nikaandikia wenye programu, wakanijibu kwamba vitu vya watu wengine si jukumu lao. Nikamtafuta mtengenezaji, hakupatikana tena.

Nikaanza upya na reli nilizochora mwenyewe kwa Blender, programu ya kuchora modeli. Si nzuri kama zile, lakini ni zangu na nakala ziko kwenye diski mbili. Ushauri wangu: usiangalie programu kwanza. Angalia reli utakazozitandika ni za nani, na akiondoka utabaki na nini.

Dada_Walukuba – 10:39 usiku
Pole sana mzee wangu. Lakini nakataa kidogo. Ukimwambia mtu anayeanza achore reli zake, swichi zake na kona zake zote, hatafika hata Mbulamuti. Atumie zilizopo, ahifadhi nakala za kila faili anayopakua, na aandike orodha ya vitu alivyotegemea. Kuchora afanye baadaye, akianza na vile visivyopatikana popote, mfano ghala za pamba.

Karakana_Nsambya – 10:44 usiku
Nakala ni sawa, mwanangu. Lakini nakala haisaidii toleo jipya likigoma kuisoma. Ndiyo maana naisifu Open Rails: msimbo wake uko wazi, na faili zake zinafuata mtindo wa simuleta ya Microsoft ya mwaka 2001 na bado zinafunguka leo.

Winam_Gulf – Alhamisi, 6:50 asubuhi
Salamu kutoka Kisumu. Mimi naona mngeanza na reli ya Uganda yenyewe, Mombasa hadi hapa kwetu, 1901. Ingawa inaitwa ya Uganda, haikuwahi kukanyaga Uganda mwanzoni, kwa hiyo ni ya Kenya hasa.

Fundi_Tororo – 7:12 asubuhi
Hapana, hapo umekosea. Reli ilipofika Port Florence (Kisumu ya leo) Desemba 1901, eneo lile lilikuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Lilihamishiwa upande wa pili, Kenya ya leo, mwaka 1902. Reli ilifika Uganda, halafu mpaka ndio ukasogea.

Winam_Gulf – 7:20 asubuhi
Mpaka wa wakoloni haubadilishi waliojenga wala wanaoishi kando yake. Lakini tarehe nakubali.

Reli_ya_Magharibi – 7:33 asubuhi
Na Garratt za daraja la 59 je? Tani zaidi ya 250, 34 zote zilitengenezwa na Beyer, Peacock, zikapewa majina ya milima. Ukienda Nairobi kwenye makumbusho ya reli unaikuta Mount Gelai. Ukiwa na simuleta bila Garratt ni hasara.

Dada_Walukuba – 7:41 asubuhi
Zile zilikuwa za Mombasa–Nairobi. Namasagali ya miaka ya mwanzo inahitaji injini ndogo zinazochoma kuni, zinazoweza kupakiwa melini. Tafadhali tumsaidie mwenye swali.

Jambo ambalo halijasemwa ni ardhi. Programu zote tatu zinaweza kupokea ramani ya mwinuko ya SRTM, ambayo ilipigwa kutoka angani mwaka 2000. Lakini bwawa la Owen Falls lilikamilika 1954 na kuzamisha maporomoko ya Ripon. Ukichukua data hiyo ilivyo, Jinja yako ya 1912 itakuwa na mto uliotulia. Utachonga maporomoko kwa mkono. Tena data hiyo ni ya hatua ya mita 30, haioni tuta la reli wala mkato. Ukilaza reli juu yake itapanda na kushuka hovyo. Toka ziwani, mita kama 1,134, hadi usawa wa Kyoga ni mteremko wa mita 100 tu hivi kwa njia nzima, kwa hiyo upole ndio sura yake.

Fundi_Tororo – 8:02 asubuhi
Na ramani za karatasi za 1:50,000, mfululizo wa Y732, tafuta Entebbe idara ya upimaji. Reli imeng'olewa lakini mkondo wake bado unaonekana kwenye picha za setilaiti ukijua pa kutazama.

Mtoto_wa_Kamuli – 6:30 jioni
Asanteni sana. Leo nimepakua Open Rails, inafunguka vizuri kwenye laptop. Lakini TSRE imenitisha kweli, na Trainz bado inanivuta kwa urahisi wake. Nitaamua Jumamosi. Mwaka nachukua 1927, kabla tu ya Tororo kuunga Mbulamuti, ili injini zote ziwe zimekuja kwa meli.

Sasa nahitaji vipimo vya Namasagali. Nani amewahi kupima ghala zilizobaki?

Dada_Walukuba – 7:10 usiku
Mwaka mzuri huo. Ghala ziko eneo la shule. Omba ruhusa, nenda na futi kamba, na piga picha kila ukuta ukiwa umeutazama moja kwa moja, pembe zitakusumbua kwenye Blender. Pia pitia makumbusho ya reli pale Jinja, jengo la stesheni lenyewe linatosha kukupa milango na madirisha.

Reli_ya_Magharibi – 7:18 usiku
Nikikupa ghala za Kasese nilizochora kwa Trainz utazitumia? Bati lile lile.

Winam_Gulf – 7:25 usiku
Na gati? Njia isiyo na meli mwisho wake haitaeleweka. Mwenye picha ya meli yoyote ya mvuke ya Kyoga, yenye gurudumu nyuma, aiweke hapa. Nitaichora mimi.