Yaani kaifuta maiki kwa leso mbele ya ukumbi mzima, kisa Kaisari Konstantino wa Roma!

Wakuu, naandika hata viatu sijavua, mkono unatetemeka. Mtu mwenyewe mnamjua, msinilazimishe kumtaja. Yule yule asiyekosa semina, maiki ikiwekwa mezani keshaidaka kabla fundi mitambo hajamaliza "moja mbili".

Leo kapewa historia ya Kanisa la mwanzo. Kaanza na Kaisari Nero na moto wa Roma, mwaka 64, nikatulia. Mara karuka karibu miaka 250 kama anaruka dimbwi, katua kwa Konstantino: eti mwaka 313 kule Milano aliutangaza Ukristo kuwa dini ya dola, himaya nzima ikaamka imebatizwa. Na watu wanaandika kwenye daftari!

Nikanyoosha mkono, nikapewa maiki. Shikamoo nikatanguliza. Nikasema mzee wangu, mwaka 313 Konstantino na kaisari mwenzake Licinius waliruhusu tu kila mtu aabudu anavyotaka, na Wakristo wakarudishiwa mali zao. Dini ya dola ni mwaka 380, Kaisari Theodosius, amri ya Thesalonike. Konstantino mwenyewe kabatizwa 337, yuko hoi kitandani.

Mzee hakujibu. Kaja mpaka nilipo, kaninyang'anya maiki, katoa leso mfukoni, AKAIFUTA. Taratibu, anazungusha, kama anafuta glasi ya mgeni. Ukumbi ukaangua kicheko mpaka nikahisi feni zimesimama. Halafu anasema, "Tuendelee."

Nina kipindupindu mimi? Angebisha, sawa. Angenitukana, sawa. Leso, jamani! Tena akaikunja pembe kwa pembe, akairudisha mfukoni.

Kijiti: Leso ya rangi gani mkuu?

Mtoa mada: Nyeupe, mistari ya bluu pembeni. Kwa nini?

Kijiti: Basi tu. Naona imekuingia.

Mama Wawili: Mswaki ulipiga lakini? Tusije tukamlaumu mzee wa watu bure.

Msoma Kimya: Mtoa mada uko sahihi, ila na wewe umeruka. Mwaka 311 Kaisari Galerius, aliyewatesa Wakristo kuliko wengi, ndiye alitangulia kuwaruhusu, maradhi yalipomzidi. Lete na wewe maiki yako tuifute.

Mtoa mada: Galerius nilikuwa naelekea huko! Ndiyo leso ikatoka.

Kijiti: "Ndiyo leso ikatoka" 😂😂 nimepaliwa na chai.

Binti Forodha: Mnagombania makaisari wakati dini ilishatembea na watumwa, wanawake na wafanyabiashara, kwenye barabara na meli za Warumi wenyewe. Gavana wa Bithinia (Uturuki ya leo), Plinius Mdogo, alimwandikia Kaisari Trajan kwenye mwaka 112 kwamba imani hii imeingia mijini, vijijini mpaka mashambani. Aliwatesa hadi watumwa wawili wanawake waliokuwa wahudumu wa kanisa ili wamweleze wanachofanya. Hapo huyo Konstantino wenu hata babu yake hajazaliwa.

Mwenye Bucha: Si ndiye huyo Plinius aliyesema nyama za sadaka zilikuwa hazipati wanunuzi? Wale wenzangu wa Bithinia nawaelewa kabisa. Kwaresima hii Ijumaa nashinda na nzi wawili, nimeshawapa majina.

Mama Wawili: Mwenye Bucha, si ndiye wewe ulinipimia kilo, mfupa peke yake nusu? Usijifiche nyuma ya Plinius.

Mwenye Bucha: Dada, ng'ombe ana mifupa. Sikumuumba mimi.

Foleni Dirisha la Tatu: Kuna mwenye shida kunizidi? Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu himaya nzima watoe sadaka kwa miungu, ukitoa unapewa hati yenye sahihi za mashahidi. Hati zenyewe zimeokotwa Misri kwenye mafunjo, zinasomeka mpaka leo. Mimi wiki ya tatu nafuatilia hati MOJA, naambiwa mtandao uko chini. Decius hakuwa na mtandao!

Binti Forodha: Dirisha la tatu unapoteza muda, nenda la tano, kuna dada mpole.

Mtoa mada: Jamani turudi kwenye leso.

Kijiti: Mwenye Bucha, maini kilo shilingi ngapi?

Mwenye Bucha: Njoo inboksi.