PLC inajizima kila saa nane mchana: nibadilishe pawa saplai au mchawi ni mwingine?

KilowatiSingida

Wakuu habari za majukumu. Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda kidogo cha mafuta ya alizeti, Singida. Kuna mashine ya kujaza mafuta kwenye chupa, hii ni wiki ya pili inanitoa jasho. Asubuhi inapiga kazi safi. Ikifika saa saba, saa nane mchana, skrini inazimika, PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine) inaanza upya, mafuta yanamwagika mezani na mimi naitwa kama nimeua mtu.

Ndani ya paneli kuna PLC ya Siemens S7-1200 (CPU 1214C), skrini ya inchi 7, valvu 16 za upepo na sensa kama 20. Vyote vinakula kwenye pawa saplai moja (kifaa cha kushusha umeme wa gridi kuwa DC) ya volti 24, ampea 10, ile ya kubana kwenye reli. Ilifungwa 2017, haijaguswa tangu hapo. Nimeipima, inatoa 24.1. Nikaona nzima, nikahamia kwenye kebo ya skrini, nikabadilisha. Nikakaza skrubu zote. Wapi!

Bosi anasema ninunue nyingine ya bei chee tuijaribu, volti 24 ni volti 24. Mimi naogopa kuitoa, maana aliyefunga mashine alishaondoka na laptop yake na programu hatuna kopi. Je, nikizima na kutoa pawa saplai programu itafutika? Na kweli kitu kinachosoma 24.1 kinaweza kuwa kibovu?

Chumvi_Nyingi

Saa nane mchana jua la utosi? Hiyo siyo pawa saplai mkuu, hiyo ni saa ya majini. Fukiza ubani kwanza.

MzeeWaPaneli

Huyo hapo juu msamehe. Mdogo wangu, hiyo 24.1 uliipima saa ngapi, na mashine ilikuwa inafanya nini? Nakisia umepima asubuhi, mashine imesimama. Hapo hata pawa saplai ya marehemu inasoma 24.

Pawa saplai haikatiki ghafla kama balbu. Inachoka. Kinachochoka zaidi ni kapasita za elektroliti, vile vikopo vya kutunza chaji vyenye maji maji ndani. Joto linayakausha taratibu, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazopungua, umri wa kapasita unakuwa mara mbili. Chukua kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105. Ukiifanyisha kazi kwenye nyuzi 65 unapata kama saa 32,000, na mashine ikiwaka usiku na mchana hiyo ni miaka mitatu na nusu na ushee. Ishushe hadi nyuzi 55, unapata zaidi ya miaka saba. Kwa hiyo kabla hujaenda dukani, fungua mlango wa paneli uangalie feni na filta yake. Kiwanda cha alizeti nakijua: vumbi la maganda likichanganyika na mvuke wa mafuta linakuwa kama lami.

Kuhusu programu usiogope. S7-1200 inaihifadhi kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme wala betri. Saa na tarehe ndizo zinaweza kupotea ikikaa wiki kadhaa bila umeme. Lakini zile PLC za zamani zenye betri ni habari nyingine. Mwaka mmoja nilizima moja ambayo betri yake ilishakufa na hakuna aliyejua, mimi wa kwanza. Nilivyowasha, kichwa cheupe kabisa. Sitaki kukumbuka. Tafuta mtu mwenye TIA Portal, ile programu ya Siemens ya kompyuta, akuvutie kopi, kama haikuwekewa nywila.

Shoti_Moja

Mnazunguka tu. Pembeni ya ile taa ya kijani ya pawa saplai kuna kiskrubu kidogo cha kurekebisha volti. Kizungushe mpaka 28, ikishuka itaangukia 24. Kazi kwisha.

DadaVoti

Shoti_Moja, hapana kaka. Kiskrubu kile kipo kwa ajili ya kufidia upotevu wa nusu volti au volti moja kwenye waya mrefu. PLC hiyo mwisho wake ni volti 28.8, wewe unampeleka ukingoni. Koili za valvu kwa volti 28 zinapata joto asilimia 36 zaidi ya kawaida. Na pawa saplai iliyochoka ukiipandisha volti unaiongezea wati, itakata mapema zaidi.

KilowatiSingida, tuletee vipimo vya mchana tupu, mashine ikiwa inafanya kazi. Pima kwenye temino za pawa saplai yenyewe, halafu kwenye temino za PLC, kwa kitufe cha kushika kiwango cha chini kama multimita yako inacho. Multimita za kawaida haziwahi mshuko mfupi sana, na PLC ile inavumilia kukatika kwa milisekunde 10 hivi tu, kwa hiyo ukiona namba mbaya ujue hali halisi ni mbaya zaidi. Tafuta klampu mita inayopima DC, siyo ile ya AC peke yake, ubane waya wa plasi. Pima na joto ndani ya paneli mlango ukiwa umefungwa. Na jibu kwa ukweli: tangu 2017 kuna kitu chochote kimeongezwa kwenye hiyo 24?

KilowatiSingida

Nimerudi. Leo saa nane na robo:

Temino za pawa saplai, kiwango cha chini: 20.9
Temino za PLC: 19.6
Mkondo: ampea 7.4, halafu unaruka kupita 10 kwa kitambo kidogo
Joto ndani: nyuzi 58. Feni inazunguka ila filta imeziba, nimeitoa ikasimama yenyewe kama kadibodi.

Kuhusu kuongeza… ndiyo dada. Mwaka jana tuliweka mkanda mdogo wa kusogeza chupa, mota ya DC volti 24, wati 60. Nilivuta umeme palepale. Ni mimi niliyefunga.

DadaVoti

Ahsante kwa kusema ukweli, wengi hapa wangetuzungusha wiki nzima.

Basi tufanye hesabu. Mota ya wati 60 inakula ampea 2.5 ikishatulia, ila inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya hapo. Pawa saplai nyingi za reli zinatoa ampea zote mpaka nyuzi 50, kisha zinapoteza kama asilimia 2.5 kwa kila nyuzi inayoongezeka. Soma karatasi ya yako. Kwa nyuzi 58 hiyo ni asilimia 20, kwa hiyo ampea 10 yako mchana ni ampea 8. Unakula 7.4, mota ikianza unapita juu, volti inaanguka, PLC inayotaka angalau 20.4 inapata 19.6. Asubuhi paneli ni ya baridi, unasalimika.

Jambo la pili hujaliona. Toka pawa saplai hadi PLC unapoteza volti 1.3, na ndani ya paneli moja hiyo ni nyingi mno. Kuna kiungo kimelegea au kimeungua. Anza na waya wa minasi, huo ndio unaorudisha mzigo wote.

KilowatiSingida

Lakini skrubu zote nilikaza!

MzeeWaPaneli

Ulikaza skrubu, je skrubu ilikuwa imebana shaba au imebana plastiki? Chomoa waya utazame.

KilowatiSingida

Mzee shikamoo. Waya wa minasi ulibanwa kwenye ganda, nyuzi tatu nne tu za shaba ndizo zinagusa na zimekuwa nyeusi. Hauna hata kikofia cha ncha.

MzeeWaPaneli

Marahaba. Sasa umeanza ufundi. Kata hapo, menya upya, weka feruli, yaani hicho kikofia, ya saizi ya waya, bana kwa koleo lake, siyo kwa meno ya plaisi.

MwanaBandari

Mimi niko Mombasa, nafanya matengenezo ya mikanda ya kubeba nafaka. Kwa upande wa kununua, usimsikize bosi sana. Za bei rahisi kabisa zimeandikwa ampea 10 lakini ukizipakia 7 zinatoa harufu. Shika uzito wake mkononi, uliza karatasi ya vipimo yenye mchoro wa joto na ampea. Muuzaji akianza kucheka, toka.

Na ukinunua ile ya boksi la bati lenye matundu, angalia ubavuni kama kuna swichi ya 115 na 230. Mwanafunzi wangu alisahau kuigeuza, ikakaa 115, akawasha kwa umeme wetu wa 240. Mlio wake tuliusikia ofisini.

Lingine ambalo watu wengi hawalijui: breka ndogo ya kawaida (swichi inayojikata yenyewe mkondo ukizidi) baada ya pawa saplai haikulindi vile unavyodhani. Breka aina ya C ya ampea 10 ili iruke papo hapo inataka mkondo mara kadhaa ya huo. Pawa saplai ya ampea 10 haiwezi kuutoa, inajizima kwanza. Kwa hiyo waya wa sensa moja ukipiga shoti, paneli nzima inalala na breka imesimama tu inakuangalia. Gawanya mizigo kwa fyuzi ndogo au breka za elektroniki: PLC na skrini njia yao, valvu njia yao, sensa njia yao.

Shoti_Moja

Si afunge mbili za ampea 5 sambamba basi, awe na mbili?

DadaVoti

Mbili za 5 ni 10 ileile, hajapata kitu. Na haziunganishwi kienyeji: mwenye volti ya juu kidogo anabeba mzigo wote na mwenzake analala. Zinataka moduli yenye diodi au saplai zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na kila moja iweze kubeba mzigo peke yake.

Kwa huyu ndugu, dawa ni kuitoa mota kwenye 24 ya PLC. Ipewe pawa saplai yake. Ila hakikisha kitufe cha dharura kinaikata na hiyo mpya, siyo mtu anabonyeza mashine inasimama na mkanda unaendelea kutembea.

Siku ya kubadilisha: zima breka kuu, weka kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwako, pima fezi zote uhakikishe zimekufa. Subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa, ndani kuna kapasita yenye volti zaidi ya 300 hata umeme ukiwa umezimwa. Piga picha nyaya. Angalia kama minasi imeungwa na ethi, na kama imeungwa irudishe vilevile. Acha nafasi ya sentimita 5 hivi juu na chini ya saplai mpya. Usiiunge mzigo mara moja: iwashe tupu, weka 24.5, zima, ndipo uunge.

Kapasita35V

Msiitupe ya zamani. Niko Arusha, natengeneza hizi. Mara nyingi ni kapasita mbili tatu za upande wa kutokea, za volti 35, nyuzi 105. Lakini mkuu usijaribu mwenyewe kama hujazoea, na wanaotoa chaji ya ile kapasita kubwa kwa bisibisi waache, tumia rezista. Nikikurudishia iweke akiba stoo, usiirudishe kwenye PLC.

KilowatiSingida

Mrejesho wakuu. Bosi alinuna siku mbili, nikamwandikia hesabu ya mafuta yaliyomwagika, akatoa hela. Kuu ni mpya ya ampea 10, mota imepata yake ya ampea 10 pia ili ihimili inapoanza. Kitufe cha dharura kinakata zote, nimejaribu mara tatu. Filta mpya, na nyingine mbili za akiba nimezitundika mlangoni. Fyuzi za kugawa mizigo bado, zinakuja mwezi ujao.

Leo saa nane: joto nyuzi 44, saplai 24.4, PLC 24.3, mkondo 4.9. Siku ya sita haijazima. Ya zamani nimeipakia basi la Arusha jana.

Kapasita35V

Imefika, nimeifungua. Kapasita mbili zimevimba kichwa kama nilivyodhani. Na katikati ya ubao kuna mjusi mkavu, amekauka kabisa, amejilaza kwenye joto.

Chumvi_Nyingi

Nilisema nini mimi.